Albamu Iliyoitisha Msaragambo

Pembe ililia kabla hatujaona kitu. Ukungu wa Julai ulikuwa umeilalia migomba, huoni hata jiko la jirani, lakini sauti ile ilipita katikati yake: ndefu, nzito, ikipanda mwishoni kama mtu anayeuliza. Bibi yangu, Eliwaza, aliweka chini kikombe cha uji akasema leo si siku ya msaragambo. Mdomo ulisema hivyo, mguu ulishaanza kutafuta kiatu.

Kwetu huku, juu ya Gonja, pembe ya tandala ikilia watu hutoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Hawaulizi. Maana yake ni kwamba ndiva, bwawa letu la kuwekea maji ya mifereji, limejaa tope au ukingo wake umepasuka, na asiyefika zamu yake ya maji inarukwa. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya serikali na kabla ya Ulutheri. Kwa hiyo asubuhi ile nilisikia milango ikifunguka, majembe yakigongana, watu wakiteremka wakikohoa ndani ya ukungu. Pembe ililia mpaka njia ikatulia, ndipo nyuma yake likaingia gitaa, likilia kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na sauti ya mzee ikafoka: siendi, siendi, siendi.

Hapo nikajua. Ilikuwa albamu yetu.

Watanzania wengi wanaijua panki ya kunyoa. Panki ya kupiga ilifika Same mara moja tu, miaka ya themanini, ndani ya kaseti iliyosahauliwa na mgeni katika nyumba ya kulala wageni ambayo Eliamini alikuwa akifagia. Eliamini aliisikiliza mpaka utepe ukakatika, akasema haya ndiyo makelele aliyokuwa nayo kifuani siku zote, alikuwa tu hajui kwamba yanaruhusiwa. Akaunda bendi, Wakaidi. Yeye gitaa na sauti, bibi yangu ngoma za mapipa, Fredrick besi. Walipiga kwenye kambi za mkonge kuanzia Same mpaka Bendera. Mashabiki wao walivaa magunia yaliyobanwa kwa pini za nepi na kusimamisha nywele kwa sabuni ya mche. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Siendi". Ndani yake Eliamini alikataa kwenda msaragambo, kwenda shule, kwenda kuvuna, kwenda kutambulishwa kwa wakwe. Vijana waliulilia. Wazazi pia waliulilia, kwa namna yao.

Kisha bendi ikavunjika kwa ugomvi wa nani kati yao ni mkaidi zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, ugomvi ukachukua miaka thelathini.

Mwaka jana wakapatana. Eliamini sasa ni mzee wa kanisa, nywele hana, pini anazo. Fredrick amekuwa mchungaji Arusha na alikataa kurudi, jambo ambalo wenzake walilisifu kama ukaidi wa kweli, hivyo besi nikapewa mimi. Maneno pia nikapewa mimi. Eliamini alikuwa bado ana hasira lakini maneno yalikuwa yamemwishia, mimi nilikuwa navyo vyote viwili. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza vina nikichimba tangawizi, mizani nikihesabu kwa jembe, na nasema bila haya kwamba katika nyimbo tisa za albamu ile hakuna mstari mlegevu.

Kosa lilitokea studio, chumba kidogo nyuma ya gereji ya kuchomelea pale Same mjini. Zamani "Siendi" ilianza kwa Eliamini kuigiza pembe kwa mdomo, na hakuna aliyewahi kuinuka kwa ajili ya mdomo wake. Safari hii alitaka kejeli iliyokomaa. Akaiazima pembe yenyewe ya ndiva, akaipuliza mwenyewe mbele ya maikrofoni. Tulicheka mpaka fundi akatusihi tutoke nje. Tena Eliamini aliagiza nyimbo zote tisa ziunganishwe bila nafasi, mtu asiweze kuruka hata mmoja. Mwanapanki anayewaachia watu wachague, alisema, ni muuza duka.

Muuza duka wa kwetu ni Abdulmajid. Ni yeye aliyeigeuzia spika yake bondeni asubuhi ile, kwa nia njema kabisa, ili kijiji kiisikie albamu ya watoto wake. Kijiji kilisikia pembe kikaondoka. Kule kwenye ndiva, Mzee Anderson, mwenyekiti wetu wa maji, alishangaa kuukuta umati ambao hakuuita. Aliuliza nani kapuliza, kila mtu akamtazama mwenzake. Basi akasema nguvu za watu hazimwagwi kama maji, wakazoa tope mpaka saa sita. Waliporudi, wimbo wa tisa ulikuwa umekwisha zamani na, ukituacha sisi wenye bendi, Abdulmajid peke yake ndiye aliyebaki kijijini. Naye hakuwa ameisikia, alikuwa anapima sukari.

Siku iliyofuata aliipiga tena. Wakaondoka tena. Siku ya tatu kijana mmoja wa bodaboda aliiweka kwenye simu yake kama mlio wa kupigiwa, na kwa kuwa mchumba wake alikuwa na wivu, mifereji yote ya kijiji ilisafishwa mpaka chanzoni. Njia ya kanisani ikapanuliwa. Ndiva likawa safi kiasi kwamba vyura walihama kwa kukosa tope. Kazi zilipokwisha pembe haikwisha, watu wakawa wanafika na majembe, wanasimama, wanaona aibu kurudi nyumbani na jembe kavu. Ndipo walipoanza kuchimba shimo. Hakuna aliyejua ni la nini. Lilichimbwa kwa bidii karibu na mnada wa ndizi, likawa refu, likaundiwa kamati.

Sifa zikaanza kushuka mlima. Viongozi wa Maore walituma mtu kuja kuichukua albamu. Bendera nao wakaitaka, maana kuna familia nyingi za milimani zilizoteremka kulima kule. Kila mahali ilisemwa kwamba Wakaidi wamerudi na kazi nzito kuliko zote walizowahi kutoa. Bibi aliamkiwa njiani na watu waliowahi kumrushia maganda ya ndizi. Na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyejua wimbo wa pili unaanzaje.

Eliamini mwanzoni alidhani ni utani. Akasema tuwasubiri mashabiki wenyewe, wale wa magunia.

Mashabiki wale wanaongozwa na Beatha, mkunga mstaafu anayeishi Same mjini, mwanamke aliyezalisha nusu ya wilaya na kuitukana nusu iliyobaki. Aliitisha kikao cha kuisikiliza albamu katika ukumbi mmoja karibu na stendi. Walikuja. Niliwaona kwa macho yangu: walimu wastaafu, fundi saa, mhasibu wa zamani wa kiwanda, wote ndani ya magunia, pini zimepangwa kifuani, wengine na fimbo za kutembelea. Waliosalia na nywele walikuwa wamezisimamisha. Bibi alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Fundi wa studio akawasha. Pembe ikalia. Na wale wazee, waliozaliwa Vudee, Mbaga, Chome, Gonja, ambao miguu yao ilijua kabla ya vichwa, walisimama wote kwa pamoja. Mjini hakuna ndiva. Walizunguka wakitafuta la kufanya, Beatha mbele, mwishowe wakauona mtaro wa stendi uliokuwa umeziba tangu mvua za masika, wakaingia humo na magunia yao. Ndani ya ukumbi gitaa liliingia, na mimi na bibi na Eliamini tukaisikiliza albamu yetu yote pamoja na viti.

Tulipotoka nje Eliamini alisimama akiwatazama wakitoa chupa na matambara mtaroni. Abiria wa basi la Tanga walikuwa wakiwapigia makofi.

"Kijana," aliniambia, "nimetukanwa. Nimepigwa mawe Bendera. Nimetengwa na kanisa mara mbili. Lakini sijawahi kusifiwa hivi na mtu ambaye hajanisikia."

Kisha akatoa hukumu yake, polepole, kama anayesoma matangazo ya ndoa. Uzinduzi rasmi wa albamu ulikuwa Jumamosi ile, pale Same. Kama mpaka giza la Jumamosi liingie hakuna hata mmoja wa watu wetu aliyeisikia albamu mpaka mwisho, basi yeye gitaa lake analipeleka kwa kwaya ya vijana walipigie pambio, na Wakaidi wamekufa. Bendi isiyosikilizwa, alisema, haina hata wa kumkaidi.

Nilijua hatanii. Kwa Eliamini kutishia na kutenda ni kitu kimoja, tofauti ni siku tu. Nikamwambia jambo jepesi: tuikate pembe. Alinitazama kama niliyemwambia avae tai. Alisema yeye hajawahi kupunguza kitu kwa sababu kimewasumbua watu, na hataanza uzeeni. Bibi naye akamuunga mkono, maana kwenye mambo ya kijinga huwa wanakubaliana haraka.

Nikaenda Kwakoa. Niliwaza kwamba kule tambarare, kwa wafugaji wasioijua pembe yetu, albamu itapata masikio. Ilipata. Walikaa, wakaisikiliza yote kwa heshima, wakanipa maziwa, wakaniuliza mgonjwa ni nani. Niliporudi na habari hiyo Eliamini aliikataa. Wale walisikiliza kwa sababu ni waungwana, alisema. Shabiki ni mtu anayekudai.

Ikabaki njia moja. Nilimfuata Mzee Anderson kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiendelea kunoa panga. Nilimwomba atangaze kanisani na msikitini kwamba pembe iliyo ndani ya wimbo si pembe, ni sanaa, na anayeisikia akae tu. Nilizungumza vizuri sana. Niliweka mpaka vina. Aliniacha nimalize, kisha akajaribu makali kwa kidole.

"Mjukuu wangu, siku pembe italia na mtu akabaki amekaa, siku hiyo pembe imekufa. Mvua ikivunja ukingo, maji yakaenda kwenye nyumba za watu, nitawaitaje? Nitaimba?"

Alikuwa na haki, ndiyo iliyoniuma. Akaongeza kwamba albamu yenyewe anaipenda mno, hajawahi kuona muziki wenye manufaa kama ule, na akauliza kama ya pili inaweza kuwa tayari kabla ya vuli.

Ijumaa jioni tulikaa jikoni kwa bibi, sisi watatu. Eliamini alikuwa amekuja na gitaa lake ndani ya shuka, kama mtu anayepeleka mtoto kwa ndugu. Bibi alikuwa akichambua maharage. Akasema, bila kuinua macho, kwamba watu wanaondoka kwa sababu kazi iko kule na muziki uko huku. Basi muziki uende kule.

Eliamini alipandwa na mori. Alisema panki si muziki wa kulimia. Alisema hakukesha miaka yote ile na hasira ili awapigie watu waongeze mwendo. Alisema wimbo wa kwanza unaitwa "Siendi", na hauwezi kuimbiwa watu ambao wamekwenda. Alisema mengi mpaka nikahisi ataanza kuyarudia, na hapo bibi akalisukuma ungo pembeni.

"Eliamini. Unataka wasikie, au unataka wakae?"

Eliamini alilifunua gitaa, akaanza kukaza nyuzi. Kuni zilianguka jikoni, nikazisogeza.

Tatizo lilikuwa kwamba kazi zilikuwa zimekwisha. Tulipomfuata Mzee Anderson, yeye ndiye aliyeipata kazi nyingine, na aliipata upesi, kwa kuwa mbuzi wake alikuwa ametumbukia shimoni asubuhi ileile: tulifukie shimo.

Jumamosi uzinduzi ukahamishwa kutoka Same kwenda kwenye shimo. Mashabiki wa mjini walipanda na fuso, magunia yao yakiwa yamefuliwa. Kijiji kizima kilikuwapo, na wa Maore kadhaa waliokuja kujifunza. Abdulmajid alileta jenereta na spika. Tulikuwa tupige moja kwa moja, albamu nzima kama ilivyorekodiwa, na Eliamini alitaka jukwaa la juu. Pa juu palikuwa mahali pamoja tu, lile lundo la udongo uliotoka shimoni. Tukapanda juu yake na mapipa ya bibi.

Eliamini akaichukua pembe, akapuliza. Iligonga mlima wa pili ikarudi. Nikaona miguu ikishtuka, mabega yakigeuka, halafu watu wakasimama na kutazamana. Walikuwa wameshafika. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Basi wakainamia udongo, nasi tukaingia.

Niseme nini. Nimeona mambo machache maishani yanayostahili wimbo, na lile ni mojawapo. Umati ule ulikuwa ukitupa udongo shimoni na kupaza sauti pamoja na Eliamini, "Siendi", jembe chini, "siendi", jembe juu, hakuna aliyekosea mapigo. Mzee Anderson alikuwa mbele ya wote, akikataa kwenda shule kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Wimbo wa kwanza ukaisha ukaingia wa pili, na walikuwapo. Wa tatu ukaingia, walikuwapo. Nilimtazama Eliamini, alikuwa anaimba amefumba macho, kama anayeogopa kuyafungua akute viti.

Tatizo dogo ni kwamba udongo waliokuwa wakiutupa ndio tuliosimama juu yake. Kufikia wimbo wa nne tulikuwa tumeshuka kufikia usawa wa vichwa vyao. Kwenye wa sita pipa moja la bibi lilianguka shimoni likafukiwa, akaendelea na lililobaki. Wimbo wa nane tuliupiga tukiwa tumebanana watu watatu kwenye kichuguu, mimi nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Wa tisa, ambao ndio wangu hasa, tuliumalizia chini kabisa, ana kwa ana na watu, udongo mpaka magotini:

Nilizaliwa na ngumi, sijaifungua katu,
Mkinizika ulimi, utachipuka upya tu.

Mlio wa mwisho wa gitaa ulipokatika, shimo lilikuwa limejaa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walifuta jasho. Jenereta likazimwa, tukasikia maji kwenye mfereji.

Halafu maoni yakaanza. Mwanamke wa Maore alisema wimbo wa tatu unafaa kwa udongo mzito, wa nne utaua watu. Mwalimu mmoja mstaafu alisema kuna ubeti unaolitukana kanisa, na kwamba ulipofika yeye aliweka jembe chini kwa kupinga, akaliokota ulipokwisha. Mtu mwingine akamjibu kuwa ubeti huo ndio pekee wenye ukweli, wakaanza kubishana, na ubishi ukaenea kwenye makundi mengine. Eliamini aligeuza kichwa huku na huku kama anayesikia jina lake likiitwa kutoka pande zote. Gitaa alikuwa amelikumbatia.

Beatha alikuja akipasua watu. Gunia lake lilikuwa limelowa jasho mpaka pini zimeteleza. Alisimama mbele ya Eliamini, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima, akamtazama kwa jicho lile ambalo, wanasema, liliwafanya watoto wazaliwe upesi.

Alimwambia kwamba wimbo wa kwanza hana neno nao. Wa nne ni usingizi. Wa tano ameuiba kutoka wimbo wao wenyewe wa mwaka tisini na moja, asidhani watu wamesahau. Wa mwisho una maneno mazuri, hapa alinitazama mimi kidogo, na ninakubaliana naye, lakini Eliamini aliuimba kama mtu anayeosha vyombo. Kisha akafika kwenye wa saba, ule ambamo Eliamini anawalaumu mashabiki kwa kuwasahau Wakaidi.

"Huo ni uongo," alisema. "Sikukusahau. Nilikuchukia. Miaka thelathini, bila kupumzika hata siku moja."

Eliamini alimsogelea hatua moja. Nilidhani anakasirika, mpaka nilipoona ameliachia gitaa, likaning'inia kwenye mkanda wake, na mikono yake miwili imebaki wazi haina kazi.

"Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "umeisikia mpaka mwisho."

"Nimeisikia, na sijamaliza nawe. Kesho nikitoka misa ninakuja kwako, tugombane wimbo mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza. Nakuahidi, Eliamini, sitainuka kabla hatujagombana wa tisa."